Miaka Miwili ya Umisionari Isiitwe Pengo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na waajiri wa Mombasa, hasa wale wanaoketi upande wa pili wa meza vijana wetu wanapoitwa kwenye mahojiano ya kazi. Jambo lenyewe limemfika mwanangu wa kiume, ingawa si yeye peke yake, maana tangu nilipoanza kulizungumza hapa Mikindani wamenijia wazazi wengine wawili wenye kilio kama changu.

Mwanangu alirejea nyumbani Septemba 2024 baada ya kutumikia miaka miwili nchini Ghana akiwa mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake wengi wetu tumezoea kuwaita Wamormoni. Tangu 2018 viongozi wao wameomba jina kamili litumike, na mwanangu hunisahihisha kwa upole kila ninapolikata. Mwezi uliopita aliitwa kwa mahojiano katika kampuni moja ya mizigo ambayo sitaitaja. Katika wasifu wake alikuwa ameandika mstari mmoja tu kuhusu muda huo: mmisionari, Ghana, 2022 hadi 2024. Mmoja wa waliomhoji aliuzungushia mstari huo duara kwa kalamu nyekundu, akasema, "Hapa pana pengo." Mwanangu alipoanza kueleza, alikatizwa: "Kwa hiyo miaka miwili mizima ulikuwa ukizurura na Biblia mkononi." Wengine wakacheka, wakaendelea na swali la pili. Kazi hakuipata, nami sidai kwamba alistahili kuliko aliyeipata, kwa kuwa huyo simjui. Kinachonikera ni lile neno pengo, kwani najua kilichokuwamo ndani ya miaka hiyo, wiki baada ya wiki, na ningependa wengine wakijue.

Niseme wazi kwamba mimi si muumini wa kanisa hilo wala sikusudii kuwa. Nilibatizwa Mwanglikana katika milima ya Taita na nimesali hivyo maisha yangu yote. Kijana alipotuambia anataka kubatizwa upya nilikataa, naye hakubishana. Alisubiri mpaka alipotimiza miaka 18, kisha akangoja mwaka mwingine kabla ya kuomba kutumwa. Katika kungoja huko nilimtolea kila hoja niliyokuwa nayo, ikiwamo ile iliyo nzito kuliko zote kwa Mwafrika, kwamba kanisa hilo, lililoanzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York mwaka 1830, liliwanyima wanaume weusi ukuhani hadi Juni 1978. Alikuwa akilijua hilo. Baadaye, akiwa Ghana, aliniandikia kwamba hata kabla ya mwaka huo walikuwapo Waghana waliokwisha kuanzisha makutaniko yao wenyewe kwa kusoma vitabu tu, wakawa wanaandika barua Salt Lake City, Marekani, yaliko makao makuu ya kanisa, kuomba waletewe wamisionari, na wamisionari walipofika mwishoni mwa 1978 walikuta watu wanawangoja. Jibu hilo halikunitosha na mpaka leo halijanitosha, lakini lilinionyesha kwamba kijana huyu hakuchukuliwa na upepo.

Mmisionari wa kanisa hilo hachagui anakokwenda. Hujaza fomu, hupimwa na daktari, huhojiwa na askofu wake, kisha huletewa barua ya kumwita kutoka makao makuu, na ndani yake ndimo anamosoma jina la nchi kwa mara ya kwanza. Wavulana hutumikia miaka miwili, wasichana miezi 18. Hakuna mshahara. Mwanangu alikuwa ameweka akiba kwa kubeba saruji na mabati katika duka la vifaa vya ujenzi huko Changamwe, sisi tukachangia kidogo kila mwezi, na kilichobaki kilitoka katika hazina ya kanisa lao. Mama yake alimfungia mabuyu na chupa ya achari ya maembe, tukahakikisha kadi ya chanjo ya homa ya manjano imo ndani ya pasipoti, tukampeleka stesheni ya Miritini alfajiri. Nilimpa mkono. Kumkumbatia nilishindwa siku ile, na jambo hilo lilinisumbua kwa muda mrefu.

Kwa miaka 31 nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini Kilindini, na desturi ya kazi ile ni kwamba usichokihesabu hukiandiki. Kwa hiyo barua zake za kila Jumatatu, zilizokuja kwa njia ya intaneti, nilizipeleka kuchapishwa na kuzitia katika faili. Ziko 102. Ninachokieleza hapa nimekitoa humo.

Siku yao kwa kawaida huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hufanya mazoezi ya viungo kwa nusu saa, huoga, hula, kisha huketi kusoma, kwanza kila mmoja peke yake na halafu wawili kwa pamoja, na anayejifunza lugha huongeza muda wa lugha. Ilipofika saa nne walikuwa barabarani. Walirudi saa tatu usiku, wakapanga kazi ya kesho yake, na saa nne na nusu taa ilizimwa. Nikitoa saa mbili za milo, hubaki saa tisa za kutembea, kufundisha na kusaidia watu, na siku za namna hiyo ni tano kwa wiki, achilia mbali Jumapili ya ibada na Jumatatu, ambayo ni siku yao ya maandalizi lakini nayo hukatika saa kumi na mbili jioni wakarejea kazini. Hizo ni saa 45 kabla sijagusa siku mbili zilizosalia, na hakuna sinema, hakuna muziki wa starehe, hakuna mchumba.

Jumatatu ndiyo siku tuliyoijua vizuri zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa yetu. Asubuhi alifua mashati yake sita kwa mkono katika beseni, akayapiga pasi, akafagia nyumba, akaenda sokoni Kejetia pale mjini Kumasi na bajeti ya wiki ikiwa imeandikwa kwenye karatasi, kwa sababu fedha za matumizi waligawiwa kwa mwezi na asiyezipima hulala na njaa mwezi haujaisha. Wenyewe kwa wenyewe walinyoana nywele. Kisha aliandika barua na kupiga simu. Ghana iko nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo saa nane mchana ya hapa, ambayo kwake ilikuwa saa tano asubuhi, simu ya mama yake iliwekwa mezani na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kabla ya Februari 2019 wamisionari hawa walipiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Akina Mama, na mke wangu hushukuru mpaka leo kwamba kanuni hiyo ilibadilishwa kabla ya zamu yetu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mwajiri angepaswa kuliuliza kuliko yote. Mmisionari huyu hakai peke yake hata kidogo. Hupewa mwenzi, na wawili hao hulala chumba kimoja, hula pamoja, husafiri pamoja, na hawaruhusiwi kupoteana macho isipokuwa bafuni. Mwenzi hachaguliwi na wao. Hupangwa na rais wa misheni, yaani msimamizi wa wamisionari wa eneo lile, na kila baada ya wiki sita au zaidi huja habari ya uhamisho, ambapo mmoja huweza kuambiwa afungashe mizigo yake na kuondoka kesho. Mwanangu aliishi na wenzi kumi, miongoni mwao kijana wa Sierra Leone, wawili wa Nigeria, mmoja wa Afrika Kusini na mmoja wa Utah, Marekani, ambaye hakuwahi kufua nguo kwa mkono maishani mwake.

Na mwenzi mmoja hawakupatana. Barua ya wiki ile ilikuwa fupi, mistari minne, na mama yake aliisoma mara tatu akaniambia, "Mtoto huyu ana jambo." Tulikuja kujua baadaye kwamba walikuwa wamekaa siku tatu bila kusemezana zaidi ya lililo la lazima, wakitembea bega kwa bega katika jua la Kumasi, wakiketi katika viti viwili mbele ya familia moja na kusoma mstari mmoja wa Maandiko kuhusu upendo, kisha wakirudi nyumbani na kimya chao. Chanzo kilikuwa kidogo, sufuria isiyooshwa na maneno yaliyofuata. Katika kazi nyingine mtu aliyeudhika huenda kwake jioni, hulala, au huomba kubadilishiwa zamu. Hawa hawana pa kwenda. Wanayo desturi ya kuketi mara moja kwa wiki, wakati wa kupanga ratiba, na kila mmoja kumwambia mwenzake kinachomsumbua bila kukatizwa. Usiku wa siku ya nne waliketi, mwanangu akaanza kwa kueleza kosa lake mwenyewe, mwenzake akanyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba tangu aje hapo alikuwa amepata habari ya ugonjwa wa baba yake na hakuwa amemwambia mtu. Wakaishi pamoja wiki tisa nyingine. Vijana hao wawili huandikiana hadi leo. Nimefanya kazi na watu wazima bandarini ambao walinuniana miaka kumi kwa sababu ndogo kuliko sufuria.

Kazi ya mchana ilikuwa ni kutembea. Viatu alivyoondoka navyo alivirudisha, navyo vimetiwa soli mara tatu kwa mpira wa tairi, na kisigino cha kulia kimeliwa zaidi ya cha kushoto. Milango mingi ilifungwa. Hakuficha hilo wala hakulilalamikia. Aliandika tu kwamba Waghana hata wakikukataa hukupa kwanza kiti na maji ya kunywa, jambo lililomkumbusha nyumbani, kama ilivyomkumbusha nyumbani kwamba kule pia kupokea kitu kwa mkono wa kushoto ni utovu wa adabu. Alijifunza Kitwi, lugha ya huko, kiasi cha kutosha kusalimia na kufuata mazungumzo. Kwa kuwa alizaliwa Ijumaa, watu walimwita Kofi kwa desturi yao. Alijifunza kutwanga fufu pamoja na vijana wa mtaani, mmoja akipiga mchi na mwingine akigeuza donge la muhogo na ndizi kati ya pigo na pigo, na akaandika kwamba asiye na uelewano na mwenzake kinuni hupoteza vidole. Kuanzia Desemba ulipovuma ule upepo mkavu wa Harmattan, unaoleta vumbi kutoka Sahara, midomo yao ilipasuka na mashati meupe yakawa ya kahawia kabla ya saa sita, naye akautamani upepo wa kaskazi wa hapa kwetu, ambao huja majira yale yale lakini una bahari ndani yake.

Fundi viatu aliyemtilia zile soli ndiye ninayemkumbuka zaidi katika barua zote. Alikuwa mzee wa makamo, na mara ya kwanza aliwaambia wazi kwamba ana kanisa lake na hahitaji jingine. Mara ya pili aliwauliza kama wanaweza kumsomea ujumbe wa mteja kwenye simu, kwa kuwa hakujua kusoma na mwanawe aliyekuwa akimsomea alikuwa amehama. Kuanzia hapo, saa moja kila Alhamisi, waliketi juu ya madebe kando ya kibanda chake na kumfundisha herufi, wakiandika kwa chaki kwenye vipande vya ngozi vilivyobaki. Ilichukua miezi mitano na wenzi watatu waliopokezana na mwanangu. Siku mzee yule alipoandika mwenyewe jina la mteja ndani ya kiatu badala ya kuchora alama, aliwafungia duka mapema akawanunulia mahindi ya kuchoma. Hakubatizwa, wala hawakumdai hilo.

Mwaka wa pili alikabidhiwa majukumu ya kuongoza jozi nne za wamisionari na kumfundisha kazi kijana mgeni aliyewasili kutoka kituo cha mafunzo cha Accra, akiwa bado na hofu na homa ya nyumbani. Kila juma aliendesha mkutano wao, akapokea taarifa za kila jozi, akazijumlisha na kuzituma. Alikuwa na umri wa miaka 20. Mimi nilipewa watu wa kuwasimamia nikiwa na miaka 38.

Hapa Mombasa si wageni wa jambo hili. Mwaka 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kisiwani hapa, na katika majira yale yale akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga upande wa bara, kisha akaendelea na kazi Rabai. Pale Kengeleni, Nyali, pameitwa hivyo kwa kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari katika miaka ya 1870. Na jirani zangu Waislamu wanalijua kwa karibu zaidi, kwa kuwa wao wana ndugu wanaotoka na jamaa za tablighi kwa siku tatu, siku 40 au miezi minne, wakilala misikitini ugenini, wakijipikia, kwa gharama zao wenyewe. Jirani yangu mmoja, mtu wa swala tano, ndiye aliyenituliza mwaka ule wa kwanza. Aliniambia, "Kijana aliyeacha kitanda chake kwa ajili ya Mungu usimhesabu kuwa amepotea, hata kama njia yake si yako wala si yangu." Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo ninalowaomba waajiri ni dogo. Siwaombi wampendelee mtu kwa sababu ya dini yake, na ningekuwa wa kwanza kupinga upendeleo huo katika mji wenye watu wa imani nyingi kama huu. Naomba tu kwamba kijana anapoandika kwamba alitumikia miaka miwili, iwe ni katika misheni, katika tablighi au katika kazi yoyote ya kujitolea, aulizwe alifanya nini, alisimamia nini na nani anaweza kumthibitisha, kama ambavyo angeulizwa aliyefanya kazi dukani au ofisini. Mwanangu anayo barua ya rais wa misheni yake. Haikufunguliwa siku ile. Na vyuo navyo nawaomba wawe na utaratibu ulio wazi wa kuahirisha masomo kwa vijana wa namna hii, kwa maana binti wa mmoja wa wale wazazi wawili niliowataja alirudi kukuta nafasi yake imefutwa bila kuarifiwa, ingawa fomu ya kuomba ruhusa ilipokelewa na kupigwa muhuri.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurejea kwake niliamka saa kumi na mbili na nusu nikadhani nimesikia mwizi. Alikuwa uani, kitanda keshakitandika, anafua shati lake katika beseni la mama yake. Siku hizi jioni hunisindikiza hadi kwa muuza kahawa. Yeye kahawa hanywi, kwa kuwa kanisa lao linakataza kahawa, chai, pombe na tumbaku, hivyo muuza kahawa ananimiminia mimi kikombe kutoka katika dele lake na yeye anamtolea maji ya ukwaju, nasi tunakaa pale na kuzungumza mpaka giza liingie. Tulikuwa hatuzungumzi hivyo kabla hajaondoka.

Ameitwa tena kwa mahojiano, Alhamisi ijayo, katika ofisi nyingine ya mjini. Safari hii tumeukuza ule mstari mmoja ukawa ukurasa mzima: saa, idadi ya watu aliowasimamia, lugha aliyojifunza, na fundi viatu aliyejifunza kusoma. Ukurasa huo umetiwa katika bahasha ya kaki pamoja na barua ya rais wa misheni. Namwomba yeyote atakayeipokea bahasha hiyo aifungue mbele yake, aisome mpaka mwisho, kisha amuulize swali.

Mzazi,
Mikindani, Mombasa